Jina Alilolitamka Mchungaji Mzee

Jumapili ya kwanza, waumini walimpa mkono mumewe.

Walikuwa wamesimama wawili mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, yeye na kanzu yake nyeupe na stola ya uchungaji shingoni, mumewe na shati la mistari alilolipiga pasi mwenyewe asubuhi ile. Watu wakawa wanatoka, wanamshika mumewe kwa mikono miwili, wanamwambia, "Karibu sana Mchungaji, tumebarikiwa." Mumewe, ambaye kazi yake ni kutengeneza friji, akawa anajibu, "Asanteni, lakini Mchungaji ni huyu hapa," huku akimwonyesha kwa kidevu. Wengine walicheka kwa aibu wakamgeukia. Wengine walitabasamu tu wakapita, kana kwamba hawakusikia. Bibi mmoja alimtazama Mchungaji kuanzia viatu hadi nywele, akamwambia kwa upole kabisa, "Pole na safari, mama," kisha akamrudia mumewe na kumwomba aje amwombee goti linalomsumbua.

"Nimwombee goti?" mumewe alisema wakati wa kula. "Mimi hata friji za watu siziombei, nazo zina matumaini zaidi."

Mchungaji alicheka hadi akatokwa na machozi, na alipomaliza kucheka machozi yakaendelea. Mumewe akasogeza sahani pembeni.

Haikuwa kwamba hakuonywa. Askofu alikuwa amemweleza waziwazi kwamba parishi ile haijawahi kuongozwa na mwanamke, kwamba mchungaji aliyestaafu aliikalia tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa pamba, na kwamba mzee huyo bado anaishi palepale, nyuma ya kanisa, kwa binti yake. "Nenda taratibu," askofu alisema. "Ukimpata yule mzee, umeipata parishi."

Nyumba waliyopewa ilikuwa na vyumba vipana na milango isiyofungika sawasawa. Kina mama wa kanisa waliingia jikoni bila hodi, wakagusa mapazia mapya, wakafungua kabati, wakasema, "Eti hapa ndipo mnapoweka vyombo?" kwa sauti ya mtu aliyekuta mambo yameharibika. Mumewe alipanga vifaa vyake barazani, akalaza friji mbovu ubavuni, na ndani ya muda mfupi watu wakaanza kumletea friji zao na, pamoja na friji, shida zao. Akawa anawaambia, "Friji niachie mimi. Hayo mengine mpelekee Mchungaji, yuko ofisini." Baadhi yao walikwenda, kwa kuwa hawakuona pa kujificha.

Lakini kanisani mambo yalikuwa magumu. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ambaye kila mtu alimwita Mzee Kipaza kwa sababu hakuwahi kuhitaji kipaza sauti, alimwambia katika kikao cha kwanza kwamba hana kinyongo naye hata kidogo. "Ila Meza ya Bwana," alisema, "labda tumwalike mchungaji wa jirani aje aiongoze, mpaka watu wazoee." Mchungaji alijibu kwamba watu hawawezi kuzoea kitu wasichokiona. Mzee Kipaza akaitikia kwa kichwa, wazee wengine wakatazama meza.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele na kikombe mkononi, akawaalika wasogee. Hakusogea mtu. Kwaya ilimaliza beti, ikaanza tena kutoka mwanzo. Mchungaji alihisi kikombe kikiwa kizito, akaomba kimoyomoyo kisimwagike.

Hapo ndipo mzee mmoja mrefu, mwembamba, alipoinuka kwenye benchi la mbele akiegemea bakora. Alikuja polepole, akapiga magoti kwa taabu mpaka mifupa ikalia, akakinga viganja. Kisha akasema, si kwa kelele, lakini kanisa zima likasikia, "Nipe, Mchungaji wangu."

Alikuwa Mchungaji Mzee, yule aliyestaafu. Baada yake wakaja wote.

Tangu siku ile alikuwa akifika ofisini karibu kila asubuhi. Aliketi kwenye kiti cha wageni, akaegemeza bakora ukutani, akamfundisha mwenzake mambo ambayo hayamo katika kitabu cha ibada. Nani hasalimiani na nani, na chanzo chake. Mama yupi asiulizwe habari za mwanawe. Nyumba gani mtu akienda kuombea msiba asikae kwenye kiti cha kona, kwa maana ni cha marehemu na hakijakaliwa na mtu mwingine. Mchungaji alimsikiliza kama mtoto anayesimuliwa. Baba yake mwenyewe alifariki akiwa hajakubali kazi ya binti yake, na hapa palikuwa na baba mwingine anamwita "Mchungaji wangu" mbele ya watu wote. Alimpenda mzee yule upesi na bila kujizuia.

Kwa hiyo mzee aliposimulia kisa kilekile mara mbili asubuhi moja, akacheka palepale alipocheka mwanzo, Mchungaji naye alicheka mara mbili. Uzee, alijiambia.

Siku nyingine mzee aliingia, akavua kofia, akamtazama, akauliza kwa adabu, "Na wewe binti, umekuja kuandikisha ndoa? Mchumba yuko wapi?" Mchungaji alipoduwaa, mzee naye akauona uso wake, akaangua kicheko. "Nakutania." Walicheka wote. Mchungaji alitamani sana uwe utani.

Kisha ikaja asubuhi ya sakristia, chumba cha kuvalia mavazi ya ibada. Mzee alikuwa ameombwa kutoa baraka za mwisho, na Mchungaji alipoingia kuvaa alimkuta ameingiza mkono kwenye tundu la shingo la kanzu, kitambaa kimemzonga kichwani, anahema. Alipomfungua, macho yaliyotokea yalikuwa ya mtu aliyepotelewa na mama yake sokoni. Alimvisha mkono mmoja mmoja, akamfunga vifungo, akamweka stola sawa. Mzee akampapasa shavu. Wakatoka pamoja, na mzee akatoa baraka zote bila kukosea hata silabi, kwa sauti yake ileile nzito, maana maneno ya ibada yalikuwa yamekaa mahali pengine ndani yake, ambako ugonjwa ulikuwa haujafika.

"Mzee wetu bado imara," Mzee Kipaza alimwambia nje.

"Imara kabisa," Mchungaji alijibu.

Alikwenda kumwona binti wa mzee, fundi cherehani, ambaye chumba chake cha mbele ndicho kilichokuwa duka. Alimkuta akipinda pindo la sketi ya shule.

"Dada," alisema, "nimekuja kuuliza hali ya Baba."

"Baba mzima."

"Juzi kanzu ilimshinda."

Cherehani ilisimama. Fundi akakata uzi kwa meno, akaukunjakunja kidoleni. "Amechoka tu. Ni umri."

"Amemwona daktari?"

"Mchungaji," fundi alisema, sasa akimtazama, "nyumbani hapa kuna siku hanijui. Ananiita kwa jina la mama yangu, ananifokea kwa nini sijarudi nyumbani. Lakini Jumapili akisikia kengele anaamka, ananyoa ndevu mwenyewe, anakuwa baba yangu mpaka mchana. Ukimtoa pale mbele, mimi nitabaki na nini?"

Mchungaji aliahidi kwamba hatamtoa. Aliporudi nyumbani alihisi amefanya jambo la huruma. Pia alihisi nafuu, na ile nafuu hakutaka kuichunguza.

Siku moja msusi mmoja alikuja kwao kwa mlango wa baraza, akipita katikati ya friji. Saluni yake ilikuwa karibu na stendi, nayo Mchungaji alikuwa ameipita mara nyingi na kusikia vicheko ndani. Lakini mwanamke aliyeketi mbele yake ofisini hakuwa mtu wa vicheko. Alikuwa amempakata mtoto wa kike mnene, mwenye mate kidevuni, na alisema alitaka abatizwe.

"Sijakanyaga kanisani siku nyingi," alisema. "Nisikufiche. Tangu nilipomzika wa kwanza."

Mchungaji alimwacha aseme kwa mwendo wake. Wa kwanza alikuwa msichana pia, alikuwa ameanza kuimba nyimbo za matangazo ya redio, akapata homa, na hospitali ilikuwa imejaa. Msusi alilitaja jina lake mara moja, kwa sauti ndogo, akamtazama Mchungaji kama mtu aliyemkabidhi chombo cha kioo. "Silitajagi," alisema. "Mume wangu pia halitaji. Nimekuambia wewe ili ujue tunatoka wapi."

"Nimesikia," Mchungaji alisema. "Na huyu ataitwa nani?"

Akaambiwa. Lilikuwa jina jepesi, la furaha, tofauti kabisa na la kwanza.

"Nina ombi moja," msusi aliendelea. "Nataka abatizwe na Mchungaji Mzee. Usinielewe vibaya, mama, wewe nasikia unasifiwa. Lakini yule mzee ndiye aliyenibatiza mimi, akatufungisha ndoa, akamzika mwanangu. Siku ile ya mazishi mimi nilishindwa kusimama, akaniinua yeye. Nikirudi kanisani, nataka kurudi kwake."

Maneno yalimfika Mchungaji mpaka kwenye ulimi. Mzee anasahau. Ni hayo tu, maneno mawili. Mtoto alikuwa anang'ata kona ya mkoba wa mama yake, na mama alikuwa anamtazama Mchungaji kwa macho ya mtu aliyetembea mbali kufika pale. Kumwambia kwamba aliyekuja kumtafuta hayupo tena kulionekana ukatili. Halafu habari itasambaa, mzee ataaibika, binti yake atasema amesalitiwa, na parishi itasema yule mwanamke mgeni amemsukuma mzee wao pembeni.

"Nitamwomba," alisema.

Mumewe aliposikia aliweka bisibisi chini. "Umemwambia yule mama hali ya mzee?"

"Nitasimama karibu naye. Nitakuwa begani kwake muda wote."

"Sikuuliza utasimama wapi."

"Nimeshakubali," Mchungaji alisema, akaingia ndani.

Siku ya ubatizo kanisa lilijaa. Saluni nzima ilikuja, wasusi na wateja, wamependeza. Baba wa mtoto, dereva wa lori mwenye mabega mapana, alisimama mbele amekunja mikono kama mtu anayesubiri kuitwa na askari. Mchungaji Mzee alikuwa amenyolewa vizuri, macho yameng'aa. Ibada aliianza kwa sauti yake nzuri, na Mchungaji, aliyesimama nyuma kidogo ya kiwiko chake, akaanza kupumua.

Mzee alimpokea mtoto. "Mtajeni mtoto huyu," alisema.

Mama wa ubatizo akataja jina kwa sauti ya kusikika. Mchungaji naye akalirudia polepole kwenye sikio la mzee, asije akasahau.

Mzee akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Kisha akainua macho kutafuta mama wa mtoto, akamwona, akamjua. Uso wake wote ukafunguka kwa furaha. Alimtazama mama, akamtazama mtoto, akamtazama tena mama. Alichota maji kwa kiganja, akayamimina juu ya kichwa kile kidogo, akatamka jina.

Lilikuwa jina la yule wa kwanza.

Kati ya kiganja cha kwanza na cha pili palikuwa na nafasi ya pumzi moja. Mchungaji angeweza kuushika mkono wa mzee. Angeweza kusema, hata kwa kunong'ona. Baadaye angerudia pumzi ile mara nyingi sana na kila mara mkono wake ungenyooka na kufika kwa wakati. Lakini siku yenyewe alikufa ganzi. Maji yakamiminwa mara ya pili, kwa jina la Mwana, na mara ya tatu, kwa jina la Roho Mtakatifu, na mzee akamwinua mtoto juu waumini wamwone.

"Mnamwona alivyopona?" alisema kwa furaha. "Nanyi mlikuwa mnalia."

Msusi hakupiga kelele. Alikwenda akamchukua mtoto mikononi mwa mzee, akamfunika kichwa na kanga bila kumfuta maji, akatoka kwa mlango wa pembeni. Viatu vyake vilisikika mpaka nje kwenye changarawe. Kiongozi wa kwaya, kwa kuchanganyikiwa, akaanzisha wimbo wa shukrani, na watu wakauimba kwa kuwa hawakujua la kufanya na midomo yao. Mzee aliimba kuliko wote.

Dereva alibaki pale kwenye birika la ubatizo. Alimsogelea Mchungaji karibu sana.

"Sasa mtoto wangu anaitwa nani?"

"Anaitwa jina mlilompa ninyi."

"Silo nililosikia," akasema, akamfuata mkewe.

Maneno yalianza kabla watu hawajafika majumbani kwao. Wapo waliosema mtoto ameitiwa kifo. Wapo waliosema mzee ni mtu wa Mungu, huenda ameona kitu. Na wapo waliosema, bila kushusha sauti Mchungaji alipopita, kwamba enzi za mzee mwenyewe haya hayakutokea, yameanza tangu aje mwanamke madhabahuni. Alimpigia askofu simu. Askofu akasema ubatizo ni halali na haurudiwi, na jina litaandikwa lile sahihi. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia mtu.

Alikwenda saluni. Mara ya kwanza alifungiwa mlango. Mara ya pili msusi alikuwa anasuka mteja, akamwachia aingie, na hakusimamisha vidole vyake. Mtoto alikuwa amefungwa mgongoni kwake, amelala. Kila baada ya muda mfupi msusi alipeleka mkono nyuma, akauweka kwenye ubavu wa mtoto, akangoja, kisha akarudi kwenye nywele.

"Anapumua," mteja alimwambia kwa upole, kama mtu aliyekwisha kusema hivyo mara kadhaa.

"Najua."

Mchungaji alisimama karibu na kioo. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Ya nini? Si wewe uliyekosea. Ni mzee." Msusi alimtazama kupitia kioo. "Au ulijua?"

Mteja aliacha kutazama simu yake.

"Nilijua," Mchungaji alisema.

"Tangu lini?"

"Kabla hujaja ofisini."

Vidole vilisimama. "Nilikaa mbele yako nikakupa jina la mwanangu," msusi alisema. "Jina nisilompa hata mama mkwe alitaje. Wewe ukakaa nalo, ukakaa na siri yako moyoni, ukaniambia utamwomba. Ulikuwa unamwogopa nani?"

"Nilikuwa naogopa kwamba hawatanipenda."

"Haya." Msusi akarudia kusuka. "Sasa je, wanakupenda?"

Mchungaji alijaribu kusema alichoambiwa na askofu, kwamba ubatizo ni halali na jina sahihi ndilo litakaloandikwa. Msusi akamkatiza. "Ya askofu usiniletee. Na Biblia usinifungulie. Usiku silali, nashika mbavu za mtoto. Nenda, mama, niache nimalize kichwa cha watu."

Jumapili iliyofuata Mchungaji hakuhubiri somo la siku. Alisimama chini, mbele ya mabenchi, akasema kwamba alijua hali ya Mchungaji Mzee, kwamba alimvisha kanzu kwa mkono wake mwenyewe na kunyamaza, na kwamba alinyamaza kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili ya mzee. Alisema mama mmoja alirudi kanisani baada ya msiba, na kanisa likamwongezea msiba. Aliomba msamaha. Watu walitazama vitabu vyao vya nyimbo kama wanafunzi ambao hawakufanya kazi waliyopewa.

Mzee Kipaza alimfuata sakristia, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya chini. "Ungetuambia wazee kwanza. Mambo mengine hayasemwi mbele ya watu."

"Yangesemwa wapi?"

Mzee Kipaza alikaa kwenye sanduku la nguo za kwaya. Alionekana amezeeka. "Unadhani sisi hatukuwa tunajua? Mwaka wa mwisho wa kazi yake alimfungisha ndoa bwana harusi na msimamizi wa bibi harusi, tukacheka, tukasema mzee ana mzaha. Sisi ndio tuliomwomba askofu alete mtu mwingine. Hatukusema sababu. Tulimwonea haya mzee wetu."

Mchungaji alivua stola, akaikunja taratibu, akaifungua, akaikunja tena. Kwa hiyo kanisa zima lilijua. Wote walikuwa wakimvisha yule mzee kanzu, kila mtu kwa namna yake, na mtu pekee ambaye hakuwa akijua ni yule mama aliyekuwa amekaa nyumbani na kaburi la mwanawe. Alifikiri habari hiyo ingempunguzia mzigo. Haikumpunguzia hata chembe.

"Kwa nini hamkuniambia mimi?" aliuliza.

"Ulikuja, akakupigia magoti," Mzee Kipaza alisema. "Tukaona mmependana. Tukaacha."

Ilibaki kumwambia mzee mwenyewe. Fundi cherehani alimfungulia mlango bila kumsalimu, akarudi kwenye cherehani yake, akampa kisogo. Mzee alikuwa ameketi uani juani, miguu ndani ya soksi nene. Ilikuwa siku yake nzuri. Alimwita kwa cheo chake, akamwuliza hali ya kwaya.

Mchungaji alivuta kigoda. Alimweleza yote, polepole, na hakupunguza. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipomaliza, mzee aliuliza, "Mama yake alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alilia?"

"Hakulia. Aliondoka."

Mzee akaziba uso kwa viganja. Mabega yake yalitikisika bila sauti, na ndani cherehani ikawa inakwenda kasi, kasi mno kwa kitambaa chochote. "Basi nisisimame tena," alisema hatimaye. "Mwambie binti yangu anifungie kanzu mahali. Nikisahau, mimi mwenyewe nitaitafuta."

Mchungaji alimshika mkono. Kivuli cha nguo zilizoanikwa kilikuwa kimesogea mpaka miguuni mwao mzee alipoinua kichwa, macho makavu, uso mchangamfu. "Jumapili hii tuna ubatizo, sivyo? Mtoto wa yule msusi. Nimeahidi."

Cherehani ilinyamaza. Fundi alitokea mlangoni.

"Utamwambia tena?" alimwuliza Mchungaji. "Mwambie. Halafu kesho uje umwambie. Na keshokutwa."

Mchungaji hakumwambia tena. Alimwambia mzee kwamba Jumapili hii aketi tu, apumzike, yeye ataongoza. Mzee alikunja uso, akakubali. Fundi akaja akakaa chini sakafuni kati yao, akaegemeza kichwa kwenye goti la baba yake, akawaacha wote wawili wamwone analia.

Baada ya hapo mzee aliendelea kuja ibadani na binti yake, akaketi. Kuna Jumapili aliinuka katikati ya sala na kuelekea mbele, na Mchungaji akashuka, akamshika kiwiko, akamrudisha. Kuna Jumapili alikasirika, akauliza kwa sauti ni nani huyu anayemvuta. Baadhi ya watu waliacha kuja, hawakutaka kuyaona yale. Wengine walijifunza kumpisha mzee nafasi, na aliye karibu naye kumshika mkono. Ilikuwa kazi ya aibu na ya kuchosha, nao waliifanya.

Dereva wa lori alikuja barazani siku ambayo saluni zimefungwa. Alisimama kati ya friji, funguo mkononi.

"Mke wangu anakuita," alisema.

Msusi alikuwa peke yake saluni, pazia limeshushwa nusu. Mtoto alikuwa sakafuni juu ya kitambaa, anang'ata kitana cha mbao. Alikuwa amenenepa zaidi.

"Sitaki maji," msusi alisema kabla Mchungaji hajaketi. "Sitaki kitabu. Nataka umwite jina lake, nisikie. Wewe ndiye ulikuwa umesimama pale."

Mchungaji alipiga magoti sakafuni, juu ya vipande vya nywele vilivyobaki, akamwita mtoto jina lake. Mtoto aligeuka, akamtazama, akarudia kitana.

"Tena."

Akamwita tena.

"Tena."

Alimwita mpaka msusi akainua mkono kumzuia. Kisha msusi akaketi kwenye kiti cha wateja, akajigeuza asijione kwenye kioo.

"Yule mwingine tangu afe hakuna anayemtaja," alisema. "Wote wanaogopa kuniumiza. Yule mzee ndiye mtu pekee duniani ambaye kwake mwanangu amepona." Alitikisa kichwa. "Sijui nimchukie vipi."

Kitana kilimponyoka mtoto, Mchungaji akakiokota, akamrudishia. Msusi alionekana kukipokea kitendo kile kuliko alivyowahi kupokea neno lolote lake.

"Kanisani hatuji," msusi alisema akimsindikiza mlangoni. "Usitungoje."

Siku chache baadaye Mchungaji alipita kwa fundi cherehani kumjulia hali mzee. Mzee alikuwa amelala. Fundi alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na mara hii alimvutia kiti.

"Yule msusi alikuja," alisema. "Na mtoto. Walikaa uani na Baba mchana kutwa."

"Baba alimjua?"

"Alimwuliza mtoto anaendeleaje, akamtaja kwa jina lile. Nikataka kwenda kumzuia. Msusi akamjibu, 'Anaendelea vizuri, Mchungaji, anaimba nyimbo za redio.' Wakazungumza habari za yule mtoto, anapenda nini, anaogopa nini. Huyu mdogo amelala mapajani." Fundi alivuta uzi. "Alitoka hapa macho mekundu. Lakini aliniuliza siku gani Baba anakuwa na nafuu, ili aje tena."

Mchungaji hakujua kama jambo lile lilikuwa dawa au kidonda kingine, wala kama mchungaji mwenye busara angelizuia. "Alisema lolote juu yangu?" aliuliza, akajionea haya alipokwisha kuuliza.

"Hapana," fundi alisema, akakanyaga cherehani. "Hakukutaja."